Tuna fedha za vitabu vinne tu: tusome nini ili tuipende tena kazi ya kutengeneza programu?

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mtengenezaji wa programu katika kampuni ndogo iliyoko Arusha. Kikundi chetu kina watu watano, na kazi yetu kubwa ni mfumo unaotumiwa na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo kutunza hisa, akiba, mikopo na marejesho ya wanachama wao. Mfumo huu tuliurithi kwa wenzetu waliotutangulia, ambao karibu wote wamekwishaondoka, na ndani yake zimo sehemu ambazo hakuna hata mmoja wetu anayethubutu kuzigusa. Sehemu inayokokotoa riba ndiyo inayotutia hofu kuliko zote, kwa sababu ukibadilisha mstari mmoja leo, wiki ijayo karani wa chama fulani atapiga simu kusema kwamba salio la mwanachama wake halilingani na daftari.

Mwaka jana uongozi uliamua kwamba tufanye kazi kwa mbinu za ajaili (agile), yaani kutengeneza programu kidogo kidogo kwa vipindi vifupi na kuurekebisha mpango kila mara. Tulipewa mafunzo mafupi, tukawekewa ubao wa vikaratasi, na kazi zikaanza kugawanywa katika vipindi vya wiki mbili vinavyoitwa sprinti. Kila asubuhi tunasimama katika kikao ambacho kinapaswa kuwa kifupi, lakini mara nyingi huchukua karibu saa nzima, kwa kuwa meneja humuuliza kila mmoja amemaliza nini na kwa nini hakumaliza zaidi. Kila kazi hupewa pointi, yaani namba ya kukadiria ukubwa wake, na sprinti inapomalizika pointi za kila mtu hujumlishwa na kubandikwa ukutani kwa majina.

Niliingia katika kazi hii kwa kuipenda. Nilipokuwa chuoni niliweza kukaa na tatizo moja hadi usiku wa manane bila kuhisi uchovu, na nilipolitatua nilikuwa na hamu ya kumwonyesha mtu jinsi nilivyolitatua. Siku hizi sikumbuki ni lini nilibuni kitu. Nachukua kikaratasi, nakitimiza, nakisogeza, nachukua kingine.

Sasa bosi ametenga fedha kidogo za kununulia kikundi vitabu na amenipa mimi jukumu la kuvichagua. Nimetafuta mapendekezo, nikakutana na orodha za vitabu hamsini na hata mia moja, ilhali fedha tulizonazo zinatosha vinne tu. Zaidi ya hayo, wenzangu wawili huchoshwa haraka na Kiingereza cha vitabuni. Naomba unisaidie: tusome vitabu vipi, na kwa mpangilio gani? Je, ajaili na ubunifu vinaweza kweli kukaa nyumba moja? Na je, si bora nimwombe bosi fedha hizo azitumie kutupeleka kwenye mafunzo ya kupata cheti?

Wako,
Msomaji, Arusha

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako kwa makini, na jambo lililonishika ndani yake ni hofu. Mnaogopa kuigusa sehemu ya riba, na mnaogopa karatasi ya pointi iliyobandikwa ukutani. Vitabu nitakavyokuchagulia nimevichagua kwa kuitazama hofu hiyo, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mtu hawezi kubuni chochote mahali ambapo kila badiliko analofanya linaweza kumletea lawama. Hapo hapo lipo jibu la swali lako la pili: ajaili, kama waanzilishi wake walivyoiandika, ilikusudiwa kushusha gharama ya kubadilisha mawazo, na gharama hiyo ikishuka watu hupata ujasiri wa kujaribu. Mlichopewa ninyi ni vikao na vipimo vya ajaili bila ile kazi ya kiufundi inayoifanya iwezekane.

Kabla hamjatumia hata shilingi moja, someni maandishi mawili yanayopatikana bure kwenye intaneti. La kwanza ni Ilani ya Ajaili yenyewe, iliyoandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Ina tamko fupi na kanuni 12, na mtu anaweza kuisoma yote wakati wa chai. Naomba msiipite haraka kwa sababu ya ufupi wake. Chukueni kanuni moja moja na kuilinganisha na mnavyofanya kazi. Kanuni ya saba inasema kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Ya nane inataka mwendo ambao watu wanaweza kuudumisha siku zote. Ya tisa inasisitiza ubora wa kiufundi na usanifu mzuri. Na ya kumi inausifu usahili, kwa maana ya ustadi wa kuziacha kazi zisizo na lazima. Hamtaona mahali popote panapotaka pointi za mtu mmoja mmoja zibandikwe ukutani.

Andishi la pili ni Scrum Guide, mwongozo wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland kuhusu Scrum, ile mbinu ya ajaili yenye sprinti na kikao cha kila siku, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2010 na la karibuni mwaka 2020. Hauna kurasa hata 20. Ninautaja kwa sababu utawasaidia katika mazungumzo na meneja wenu bila ugomvi. Mwongozo huo unasema kwamba kikao cha kila siku ni cha dakika 15, na kwamba ni cha watengenezaji wenyewe kwa ajili ya kupanga kazi yao ya siku hiyo. Si mahali pa kutoa hesabu kwa mkubwa. Pointi hazimo humo kabisa. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 waliotia saini ilani, ameandika kwamba huenda ni yeye aliyezibuni pointi hizo, na kwamba kama kweli ni yeye, basi anasikitika. Mpelekeeni meneja maandishi haya kwa heshima, mkimwomba myasome pamoja naye, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba naye alifundishwa vibaya katika mafunzo yale yale mafupi mliyopewa ninyi.

Sasa nije kwenye vitabu vya kununua. Ningeagiza kwanza kitabu cha Michael Feathers kiitwacho Working Effectively with Legacy Code, kilichochapishwa mwaka 2004, ingawa waorodheshaji wengi hawakiweki mwanzoni. Feathers anaanza na maelezo yanayoshtua kidogo, kwamba msimbo (maandishi yenyewe ya programu) wa kurithi ni msimbo usio na majaribio, yaani programu ndogo za kuhakiki kwamba unafanya kama inavyotarajiwa, hata kama umeandikwa jana na mtu aliyeketi jirani yako. Sura zake nyingi zina vichwa vilivyoandikwa kama malalamiko ya watengenezaji wa programu: sina muda na lazima nibadilishe, na mengine ya namna hiyo. Kwa hiyo hamna haja ya kukisoma kutoka jalada hadi jalada. Tafuteni lalamiko linalofanana na lenu na muanzie hapo. Mifano yake imeandikwa kwa lugha za programu za Java, C++ na C, lakini msikatishwe tamaa na hilo, kwa kuwa mbinu zenyewe zinahamishika.

Mbinu mnayoihitaji kuliko zote ni ile ya kuandika majaribio yanayoeleza jinsi mfumo unavyofanya leo, kabla ya kuuliza kama unafanya sawasawa. Tuchukue sehemu yenu ya riba. Mwanachama amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, anarejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi, na riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Riba ikikokotolewa kwa salio linalopungua, mwezi wa kwanza atalipa 18,000, mwezi wa mwisho 1,500, na jumla ya mwaka itakuwa 117,000. Ikikokotolewa kwa mkopo wa awali bila kujali alichokwisha kurejesha, atalipa 18,000 kila mwezi na jumla itakuwa 216,000. Ipeni sehemu hiyo ya mfumo namba hizi na muone inatoa nini. Hata kama itatoa 117,012, andikeni jaribio linalotarajia 117,012, kisha mpigieni simu karani mmoja anayeaminika na kumuuliza kama shilingi 12 hizo anazifahamu. Fanyeni hivyo kwa mkopo uliorejeshwa mapema, kwa mkopo uliocheleweshwa, kwa mkopo uliofufuliwa na kupangiwa muda mpya, na kwa kila hali iliyowahi kuwaletea simu ya malalamiko. Majaribio hayo yakifika idadi ya kutosha, mtu anaweza kubadilisha mstari asubuhi na kujua kabla ya chai kama amevuruga kitu, na hapo ndipo mawazo mapya yanaporudi, kwa sababu kujaribu hakumgharimu mtu tena jina lake.

Kitabu cha pili ni Extreme Programming Explained cha Kent Beck, mmoja wa wale 17, kinachoeleza mbinu ya ajaili inayotilia mkazo kazi ya kiufundi. Hakikisheni mnanunua toleo la pili la mwaka 2004, aliloliandika pamoja na Cynthia Andres, kwa kuwa limeandikwa upya karibu lote na ni la upole zaidi kuliko lile la mwaka 1999. Katika toleo la kwanza Beck alieleza wazo ambalo ndilo msingi wa mengine yote: wahandisi walikuwa wakiamini kwamba gharama ya kubadilisha programu hupanda kwa kasi kadiri mradi unavyoendelea, naye akauliza itakuwaje tukifanya kazi kwa namna itakayozuia gharama hiyo isipande. Majaribio yanayotangulia msimbo, watu wawili kukaa kwenye kompyuta moja, kuunganisha kazi za wote mara kwa mara na kusanifu kidogo kidogo ni mambo yanayotokana na swali hilo. Toleo la pili linaongeza heshima katika orodha ya maadili ya kikundi, na linapendekeza jambo ambalo ninatamani meneja wenu alisome kwa sauti: katika kila mpango wa kazi muwe na mambo madogo yanayoweza kuachwa mkibanwa na muda, ili kikundi kisiishi kwa kuahidi kisichowezekana. Nafasi hiyo ndogo ndiyo ambamo mtu hupata kujaribu wazo ambalo hakuna aliyeliandika kwenye kikaratasi.

Kitabu hiki si msahafu. Mbinu zake zilikomaa katika mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, ulioanza kulipa mishahara ya watu takriban 10,000 mwaka 1997, kisha ukasitishwa mwaka 2000 kabla ya kuwafikia wafanyakazi wote wa kampuni. Wapo wanaoutumia mwisho huo kuyatupa yote aliyosema Beck. Mimi naona wanakosea, kwa maana mbinu hizo zimejaribiwa na vikundi vingi tangu hapo. Lakini someni mkijua kwamba mwandishi anashauri, na kwamba kikundi chenu ndicho kitakachoamua lipi lichukuliwe na lipi liachwe.

Kitabu cha tatu si chenu peke yenu, ni cha bosi na meneja pia: Peopleware cha Tom DeMarco na Timothy Lister, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na kufika toleo la tatu mwaka 2013. Hoja yao kuu ni kwamba matatizo makubwa ya kazi yetu yanatokana na watu na mahusiano yao kuliko yanavyotokana na teknolojia. Waliendesha mashindano ya kuandika programu yaliyoshirikisha mamia ya wataalamu wa kampuni nyingi, kila mmoja akifanya kazi ile ile mahali pake pa kazi pa kawaida, na wakaona kwamba waliofanya vizuri walikuwa kwa kawaida katika ofisi zenye utulivu na zisizokatizwa katizwa, wakati miaka ya uzoefu na ukubwa wa mshahara havikuleta tofauti kubwa. Wanaeleza pia kwamba mtu huhitaji dakika 15 au zaidi kuzama katika kazi ya kufikiri, na kwamba kila anapokatizwa huanza upya. Ule usiku wa manane wa chuoni ulioukumbuka kwa hamu ulikuwa, pamoja na ujana, ni muda ambao hakuna mtu aliyekukatiza. Kuhusu kupima, wana msimamo ambao naukubali: takwimu za kazi ya mtu mmoja zimsaidie mtu huyo kujirekebisha, na zisitumiwe na wakubwa kumlinganisha na wenzake. Sura zake ni fupi, na meneja mwenye shughuli nyingi anaweza kusoma moja kabla ya kikao.

Kama bosi atasema kwamba dawa ya kuchelewa ni kuajiri watu wengine watano, mwelezeni hesabu ya Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM, na kuandika The Mythical Man-Month mwaka 1975. Watu watano wana jozi 10 za kuelewana. Watu kumi wana jozi 45, na wageni lazima wafundishwe na wale wale waliochelewa. Kitabu hicho sikiweki katika vinne vyenu, kwa kuwa sehemu kubwa yake inahusu miradi mikubwa ya zama zake, lakini mkikipata kwa kuazima, usikose kusoma sura ya kwanza. Humo Brooks anaeleza furaha za kazi hii, na anamweka mtengenezaji wa programu karibu na mshairi, kwa kuwa wote wawili hujenga kwa mawazo matupu.

Mfano huo wa mshairi naupenda, na nadhani kwetu sisi una nguvu kuliko alivyokusudia. Umeuliza kama ubunifu unaweza kuishi ndani ya vipindi vya wiki mbili na sheria za kikundi. Tazama shairi letu la tarbia: mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho, na ndani ya kuta hizo washairi wamesema kila jambo linaloweza kusemwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye uwanja wa michezo wa mjini kwenu unaitwa kwa jina lake, aliziandika sheria hizo katika kitabu mwaka 1954, na katika kitabu hicho hicho akaweka diwani ya mashairi yake mwenyewe. Mipaka ya muda na umbo haijawahi kumnyima mtunzi wazo. Kinachomnyima ni kuchaguliwa maneno na mtu mwingine, na hilo ndilo linalokutokea wewe unapopokea kikaratasi kilichokwisha kueleza mpaka jinsi ya kufanya. Ombeni vikaratasi vyenu viandike shida ya karani au ya mwanachama kwa maneno yao, na njia ya kuitatua iachwe kwa kikundi.

Yupo mwandishi aliyeleta desturi ya washairi katika kazi hii waziwazi. Richard Gabriel, mtaalamu wa lugha ya programu ya Lisp ambaye pia alisomea ushairi hadi shahada ya uzamili, aliandika mwaka 2002 kuhusu warsha za waandishi: mtunzi husoma kipande cha kazi yake, kisha hukaa kimya wakati wenzake wakijadili kwanza kile kilichofanikiwa, halafu kile kinachoweza kuboreshwa, naye hajitetei. Hamna haja ya kununua kitabu hicho ili kujaribu desturi yenyewe. Mara moja kwa sprinti, mtu mmoja aweke mbele ya kikundi ukurasa mmoja wa msimbo alioandika, na wenzake wauzungumze kwa utaratibu huo. Umesema ulipokuwa chuoni ulitamani kumwonyesha mtu jinsi ulivyotatua tatizo. Hapa utapata watu wanne wa kuwaonyesha.

Kitabu cha nne nitakachowashauri kununua hakihusu kompyuta. Ni How to Solve It cha George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, na kilichapishwa mwaka 1945. Nimekipendelea mbele ya vitabu vingi vyenye neno ubunifu kwenye jalada, ambavyo husifu ubunifu kwa kurasa nyingi bila kumfundisha msomaji afanye nini akiwa amekwama. Pólya anamfundisha. Anamtaka aelewe tatizo, apange njia, aifuate, kisha atazame nyuma. Na katika kila hatua ana maswali mepesi ya kujiuliza, kama vile: je, ninalijua tatizo linalofanana na hili, na je, ninaweza kutatua kwanza sehemu yake? Ile hatua ya kutazama nyuma ndiyo inayorukwa na watu wanaokimbilia kikaratasi kinachofuata, na ndiyo ambamo mtu hugundua kwamba kulikuwa na njia fupi zaidi.

Kwa wewe binafsi, kama hamu ya zamani bado ipo, kipo kitabu cha kusoma taratibu nje ya kazi: Structure and Interpretation of Computer Programs cha Harold Abelson na Gerald Sussman wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, kilichotoka mwaka 1985, ambacho toleo lake la pili linasomwa bure kwenye intaneti. Kinatumia lugha ya programu ya Scheme, na tangu mwaka 2022 lipo toleo linalotumia lugha ya JavaScript. Ni kigumu, na mazoezi yake yanaweza kukushikilia kwa siku kadhaa, lakini ni kitabu kinachomrudishia mtu ile furaha ya kukaa na tatizo. Waandishi wake wanashikilia kwamba programu huandikwa kwanza ili isomwe na watu. Usiwapelekee wenzako kama kazi ya lazima. Hotuba ya mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth ya mwaka 1974, aliyoitoa alipopokea Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, na ambamo anaitetea kazi ya kuandika programu kuwa ni sanaa, ni fupi na inafaa kwa wote.

Fedha zikipatikana tena, ongezeni Refactoring cha Martin Fowler, kinachofundisha kusafisha msimbo, toleo la pili la mwaka 2018. Sura ya kwanza inaonyesha programu ndogo ya kutoa ankara za kampuni ya maigizo ikisafishwa hatua kwa hatua bila kubadilika inachofanya, na sijaona somo bora la jambo hilo. Nimekiacha nje ya vinne kwa sababu moja tu: kusafisha msimbo usio na majaribio ni hatari, na ninyi majaribio hamna bado. Wengi watakushauri pia ununue A Pattern Language cha Christopher Alexander na wenzake, kitabu cha usanifu wa miji na majengo cha mwaka 1977 ambacho Beck na Ward Cunningham walichota mawazo yake kuyaleta katika programu. Ni kizuri sana, lakini kina zaidi ya kurasa elfu moja na bei yake ingemeza vingine.

Kuhusu cheti, kwa hali yenu nisingeomba. Mmekwishapata mafunzo mafupi ya vikao, na mafunzo mengine ya vikao hayatakigusa kile kinachowafanya makarani wawapigie simu. Kama siku moja mteja atadai cheti katika zabuni, hiyo itakuwa gharama ya biashara, na bosi ailipe kwa fungu jingine.

Namna ya kusoma ina uzito sawa na vitabu vyenyewe. Ombeni saa moja kwa wiki ndani ya muda wa kazi. Kama italazimu iwe baada ya kazi, wenye watoto nyumbani watakosa na usomaji utakufa. Kila wiki mtu mmoja asome sura na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili, kisha mfungue msimbo wenu na kutafuta mahali pa kuijaribu sura hiyo siku hiyo hiyo. Kwa njia hiyo wale wenzako wawili hawatalazimika kupambana na Kiingereza kila wiki, na zamu yao ikifika wapeni sura fupi za Peopleware. Mtakapojadiliana, tumieni maneno ya makarani wenyewe, hisa, rejesho, mdhamini, salio, na ikiwezekana yaingie pia katika majina ya sehemu za mfumo, kwa sababu kikundi na mteja wakiita kitu kimoja kwa majina mawili, makosa ya riba hujificha hapo.

Ukienda kwa bosi, usianze na malalamiko ya pointi. Mwombe ruhusa ya sprinti moja ambayo watu wawili watakaa kwenye kompyuta moja na kuizungushia majaribio sehemu ya riba, na umwahidi orodha ya hali zote zilizojaribiwa ili aweze kuwaonyesha viongozi wa vyama. Kazi hiyo haina mtu mmoja wa kupewa pointi zake, na hilo litawapa nafasi nzuri ya kumweleza meneja kwa nini ile karatasi ya majina ibanduliwe. Agiza kitabu cha Feathers wiki hii, kwa kuwa vitabu vya namna hiyo huchukua muda kufika, na wakati mnakisubiri anzeni kuandika kwenye daftari kila simu ya karani, tarehe yake, namba ya mkopo na tofauti iliyolalamikiwa. Hayo ndiyo yatakuwa majaribio yenu ya kwanza.